Wavu Hausahau

Kibuye, nyuma ya wauza mbao, mimi huchapa wafu.
Fulana nyeupe sabini, mia, hata mia na hamsini,
kifuani sura, chini yake mwaka wa kuja na mwaka wa kwenda.
Alhamisi ndiyo siku yangu ya kukesha,
maana Ijumaa mwili unatoka mochari.

Sikuwa nangoja mgeni wa namna ile:
Chelagat, miwani imefungwa uzi, begani mkoba wa maabara ya Maseno.
Akaishika fremu yangu, akauliza,
"Wavu huu una matundu mangapi kwa sentimita?"
Nikamwambia hesabu mwenyewe, mimi hupima kwa kidole.

Alitaka nichape wino mweusi wa kaboni
juu ya plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu.
Vijiti vitatu vyenye vichwa:
kimoja cha kuonja, kimoja cha kujibu,
na cha tatu, cha wino wa fedha, kazi yake kusimama tu
bila kuyumba, kama shahidi.
Kile cha kuonja tutakidondoshea kimeng'enya, alisema,
nacho kikikutana na sukari iliyo kwenye jasho
kitatoa umeme,
umeme usioweza kuwasha hata jicho la siafu.

"Na yote haya ya nini?"
"Mtu abandike mkononi. Aijue sukari yake
bila kudungwa kidole."
Nikanyamaza. Nikaipangusa raba. Ilikuwa safi.

Tukachapa. Tukakausha kwenye oveni ya keki ya Apondi,
ambaye hajatusamehe hadi leo.
Kipande cha kwanza kilipendeza mezani;
nikakikunja, ka! mstari ukakatika.
Cha pili vivyo. Cha tisa vivyo hivyo.
Chelagat akaanza kutafuna kofia ya kalamu.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya jezi.
Mwanangu, jezi ya mpira hutanuka,
mstari ulionyooka hupasuka
kabla kipindi cha kwanza hakijaisha.
Chora mto. Chora Nyando ikiingia Kano,
inapinda, inapinda tena, haina haraka na ziwa.
Akachora Nyando.
Tukaivuta. Ikaenda. Ikarudi.

Jumamosi tukapanda Muhoroni kwa ndugu yangu Ombewa.
Siku nzima anakata sukari ya watu,
yake mwenyewe hajui imefika wapi.
Nyayo zinakufa ganzi, anasema ni viatu.
Nikambandika juu ya kiwiko, akacheka:
"Kumbe siku hizi hata jasho linapelekwa shule?"
Akarudi kwenye miwa iliyochomwa,
masizi hadi kwenye kope,
nasi tukakaa kwenye tuta, simu mapajani,
tukitazama mstari ukitambaa.

Nambari ilipopanda, Chelagat alikisugua kioo
kana kwamba ni vumbi.
"Haya ni majaribio," alisema. "Jasho hudanganya.
Lazima tulinganishe na damu."
Haya basi, twende tukapime damu.

Kuna jambo sikumwambia.
Wavu ukishapitisha sura moja mara nyingi,
uoshe kwa mafuta ya taa, uoshe kwa sabuni ya kipande,
uanike juani wiki nzima,
sura haitoki yote. Kivuli hubaki.
Fremu ile aliyoishika siku ya kwanza
ilimchapa baba yetu. Fulana mia na ishirini.
Sukari. Tuliijua siku ilipokuwa imeshamla mguu.

Kwa hiyo kila kipande,
kila kijito cheusi kinachopinda,
kimepenya kwanza kwenye paji la uso wake.

Ombewa anakuna pembeni ya kiwiko,
anauliza kitatoka lini.
Kikae kidogo, namwambia.
Kikae.